Fedha mkononi au maili za ndege? Kadi zisizo na ada ya mwaka kwa anayerudi nyumbani mara chache

Kwa wenzetu wa Afrika Mashariki wanaohamia Marekani, suala la kadi ya mkopo huja mapema. Ukifika Columbus, Dallas au Louisville bila kadi, historia yako ya mikopo inachelewa kujengeka, na bila historia hiyo kupanga nyumba au kukopa gari kunakuwa kazi. Basi watu wanachukua kadi. Walio waangalifu huchukua zile zisizo na ada ya mwaka, zinazorudisha kidogo kwa kila unachonunua, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Uchukue inayorudisha fedha, au inayokusanya maili za ndege, yaani pointi za kulipia tiketi, kwa kuwa siku moja utakwenda kuwasalimia wazee?

Msimamo wangu ni fedha, kwa wengi wetu. Hata hivyo wanaotetea maili wana hoja, na si zote nyepesi.

Tuzitazame kadi zenyewe. Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash zinarudisha asilimia 2 kwa kila kitu, uwe umenunua mchele au matairi. Chase Freedom Unlimited inatoa asilimia 1.5 kwa manunuzi ya kawaida na 3 kwa migahawa na maduka ya dawa. Zote tatu hukata asilimia 3 ukichanja kadi nje ya Marekani. Upande wa safari kuna Capital One VentureOne yenye maili 1.25 kwa kila dola, na Wells Fargo Autograph yenye pointi 3 kwa migahawa, mafuta ya gari, usafiri na bili ya simu, kwingineko pointi 1. Hizi hazikati kitu nje ya nchi. Capital One Quicksilver inasimama katikati: inarudisha fedha, asilimia 1.5, na nje haikati.

Makato hayo ya asilimia 3 ndiyo silaha kubwa ya wanaotetea kadi za safari. Wanasema: unapata 2, unakatwa 3, umepata hasara. Kweli, kwa dola zile unazotumia ugenini. Lakini mtu wa kawaida anatumia dola ngapi huko? Chukua familia inayopitisha dola 1,500 kwa mwezi kwenye kadi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kadi ya asilimia 2 inawarudishia dola 360. Quicksilver ingewapa 270. Tofauti ni dola 90. Wakienda Tanga mwaka huo wakachanja dola 2,000, kadi ya kwanza itawatia hasara ya dola 20 na ya pili itawaingizia 30. Tofauti ni 50 tu. Mpaka watumie dola 3,600 kwa kadi wakiwa ugenini ndipo mizani inalingana, na hapo nimechukulia wanasafiri kila mwaka. Anayekwenda mara moja baada ya miaka mitatu yuko mbali kabisa na kiwango hicho, hasa ukikumbuka kwamba nyumbani fedha nyingi hupita kwenye M-Pesa na noti. Fundi, bodaboda, mwenye duka la mtaani na mchango wa harusi havichanjiwi kadi.

Sasa maili. Dola zile 18,000 zikipita kwenye VentureOne zinaleta maili 22,500. Ukizitumia kufuta gharama ya tiketi, kila maili ni senti moja: dola 225. Ili zifikie zile 360 za fedha, kila maili lazima ikupe senti 1.6. Inawezekana. Maili hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye programu za mashirika ya ndege kama Flying Blue ya Air France na KLM, ama ya Turkish Airlines, na mashirika hayo yote yana safari za kuja kwetu. Mtu asiye na watoto wa shule, anayeweza kuondoka Februari siku ya Jumanne na kukubali kulala uwanjani njiani, anaweza kupata tiketi ambayo fedha zile zisingeinunua. Huyo simbishii.

Ila wengi wetu tunasafiri Desemba au likizo ya Juni hadi Agosti, watu watano pamoja, na viti vya maili vya msimu huo ni adimu. Tena shirika linaweza kupandisha bei ya kiti kwa maili wakati wowote, na hakuna wa kumlalamikia. Dola 360 haziozi: zinalipa nauli ya shirika lolote, na mambo yakiharibika zinalipa karo au jeneza. Kwa watu wanaobeba jamaa wa pande mbili za bahari, uhuru huo nauthamini kuliko tiketi ya ndoto.

Kadi ya bure nayo si lazima iwe bora kuliko ya kulipia. Blue Cash Everyday ya American Express haina ada na inarudisha asilimia 3 kwenye supamaketi za Marekani. Dada yake, Blue Cash Preferred, inatoza dola 95 kwa mwaka na kurudisha 6, zote mbili kwa dola 6,000 za kwanza. Familia inayonunua chakula cha dola 500 kwa mwezi inapata 180 kwa ya bure, na 265 kwa ya kulipia baada ya kutoa ada. Anayekataa ada kwa kuapa tu anaacha dola 85 mezani. Ila Walmart na Costco hazihesabiwi kuwa supamaketi kwenye kadi hizo, na duka la Mkongo au bucha ya halali huenda likasajiliwa kwa jina jingine kabisa. Angalia risiti zako kwanza.

Faida zote hizi zinakufa ukibakiza deni. Riba ya kadi za Marekani sasa ni wastani wa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Dola 1,000 ulizochanja zilikupa 20, mara moja. Ukiziacha bila kulipa zinakula takriban 17 kila mwezi. Kwa Waislamu suala linaanza kabla ya hesabu, maana mkataba wenyewe una sharti la riba. Wapo wanazuoni wanaomruhusu anayelipa deni lote kwa wakati, na wapo wanaokataa kuliwekea saini sharti hilo hata kama halitamgusa. Anayefuata rai ya pili asisukumwe na mtu kwa ajili ya asilimia 2.

Wala fedha hizo hazitoki mfukoni mwa benki. Muuzaji hukatwa takriban asilimia 2 ya kila mauzo ya kadi ya mkopo, naye huipandisha bei kwa wote. Mwaka 2010 watafiti wa Benki Kuu tawi la Boston walikadiria kwamba kaya inayolipa taslimu hupoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka kwa wenye kadi. Wageni wapya, wasio na historia ya mikopo, wamo humo. Linaniuma, na ndiyo sababu namshauri anayeweza kulipa deni lake lote asikae nje ya mfumo huu kwa woga. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2015 kikomo cha asilimia 0.3 kwa sehemu ya makato hayo inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, kwa hiyo ndugu walioko Antwerp wasitegemee zawadi za namna hii.

Kwa kuwa hazina ada, hakuna kinachozuia kuwa na mbili: ya asilimia 2 kwa kila siku, na Quicksilver au Autograph inayokaa droo hadi safari. Itoe mapema, kwani viza ya Tanzania au kibali cha kuingia Kenya, hata ukilipia mtandaoni ukiwa Marekani, kinaweza kukatwa asilimia 3 kwa sababu mpokeaji yuko nje. Usiitumie kutuma fedha nyumbani wala kutoa noti kwenye ATM. Huko riba huanza siku hiyohiyo, na ada juu yake. Na mashine ya hotelini ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, maana kiwango cha dola kinachowekwa na mashine hukuumiza hata kama kadi yako haikati kitu.