Kati ya Neema na Unyenyekevu, Kipi Hutangulia?

Kikundi chetu cha maombi hukutana Jumatano jioni katika chumba cha mbao huko Ndosho, mjini Goma. Sakafu yake ni mawe ya volkeno yaliyomwagiwa changarawe, na anayepiga magoti kwa muda mrefu huinuka na alama. Juma lililopita shemasi alifundisha juu ya Yakobo 4:6, “Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu,” akamtaja mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye magoti yake yana makovu, kuwa kielelezo cha mtu aliyejishusha kwanza, kisha Mungu akamwona na kumwokoa. Mama yule alijibu kwa upole: “Hapana, shemasi. Wakati ule tulipokimbia volkeno kwenda Sake, mwaka wa 2021, mimi sikujinyenyekeza. Nguvu ziliniisha, nikajikuta chini, na Yeye alikuwa ameshafika.”

Shemasi hakusema neno lisilo na msingi. Yakobo anaendelea katika sura hiyo hiyo kwa kuamuru, “Jidhilini mbele za Bwana,” na Yesu mwenyewe anaufunga mfano wa Luka 18, wa Mfarisayo na mtoza ushuru waliokwenda kusali, kwa kusema kwamba ajidhiliye atakwezwa. Na amri hupewa mtu anayetakiwa kutenda jambo. Ipo pia hofu ya kichungaji ambayo naiheshimu sana. Tukifundisha kwamba hata unyenyekevu ni kipawa tu, mtu anayempokonya mjane parseli yake, yaani kiwanja chake, na ambaye kila Jumapili huketi kiti cha mbele, atasema kwamba neema ya kutubu bado haijamfikia, na tutakuwa tumempa pa kujificha.

Hata hivyo, unyenyekevu ukitangulizwa kama sharti, hugeuka malipo, na mwenye malipo mkononi ana cha kujisifia. Paulo aliliona hilo alipowaandikia Waefeso kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu, “wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.” Tena tumsome vizuri yule Mfarisayo wa Luka 18, kwa maana tunamhukumu upesi mno: sala yake inaanza kwa “nakushukuru.” Kwa midomo yake aliyahesabu mema yake kuwa yametoka kwa Mungu, na bado alikuwa anajipima na mtoza ushuru aliyesimama mbali. Kumbe mtu anaweza kulitaja jina la neema huku moyoni akijikuza, na kwangu mimi hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Kanisa lilikwisha kulipambanua suala hili zamani, baada ya mafundisho ya Pelagio, aliyeshikilia kwamba mwanadamu anaweza kuitii sheria ya Mungu kwa nguvu za hiari yake, na baada ya Augustino kumpinga. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Orange, Ufaransa, mwaka wa 529, ulimkataa waziwazi yeyote anayeufanya msaada wa neema utegemee unyenyekevu au utii wa mtu, asikubali kwamba huo unyenyekevu na utii wenyewe ni zawadi ya neema, nao ulijengea hoja yake juu ya swali la Paulo: “Nawe una nini usichokipokea?” Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwaka wa 1547, Mtaguso wa Trento, ambao ulitofautiana na Luther katika mengi, nao ulisema kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, yaani kukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kinachostahilisha neema hiyo. Wakatoliki na Walutheri waliliungama jambo hilo pamoja huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

Basi amri ya Yakobo tuifanyeje? Mimi naielewa kwa kumtazama yule mtu mwenye mkono uliopooza katika Marko 3. Yesu alimwambia, “Nyosha mkono wako,” yaani alimtaka afanye lile asiloweza kabisa, naye akaunyosha. Mkono ulikuwa wake, lakini nguvu ilifika pamoja na neno. Kwa hiyo mnyang'anyi wa parseli hana udhuru, maana neno limekwisha kumfikia, na hawezi kusema anaingoja neema huku akiisikia ikimwita.

Ninahuzunika zaidi ninapoona katika makanisa yetu unyenyekevu ukidaiwa kwa ajili ya mtumishi, kana kwamba anayemwinamia mchungaji sana au kufunga siku nyingi ndiye atakayepata neema kubwa, na wanaodaiwa hivyo mara nyingi ni akina mama wasio na kitu. Kwa sababu hiyo nimemwomba shemasi wetu kwamba katika mafundisho ya wanaojiandaa kwa ubatizo asomwe kwanza Paulo wa Waefeso 2, kisha Yakobo 4, na kati ya masomo hayo mawili yule mama apewe nafasi ya kusimulia njia ya Sake.