Ada ya Novemba, mahindi ya Julai

Matokeo ya vyuo yakitoka, Iringa hata Mbeya, maneno ni yale yale: aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, alikuwa mvivu, na bumu lake, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, liliishia kwenye kubeti. Wapo wa namna hiyo. Wahadhiri wanaolalamikia madarasa matupu hawasemi uongo, na anayepitishwa bila kujua hesabu za nguzo za daraja atakuja kuua watu. Vyuo binafsi navyo hulipa mishahara kwa ada za wanafunzi, ndiyo maana huzidai.

Ila wengi ninaowafahamu hawakuangushwa na mtihani. Waliangushwa na kalenda.

Masomo huanza Oktoba au Novemba, wakati mzazi wa Makete au Umalila ameshazika fedha yake yote ardhini, mbegu na mbolea. Mahindi atayauza Julai, Agosti. Katikati hapo gunia lililobaki ndani ni la kula, na ndipo mtihani wa muhula wa kwanza unapofika. Hujamaliza ada, huingii. Nilimkuta kijana wa mwaka wa pili mlangoni mwa chumba cha mtihani, na sweta lake la sekondari, wenzake wakipita. Mkono mmoja ana risiti ya benki ya laki mbili, mwingine kalamu mbili. Alikuwa amesoma. Kesho yake akapanda basi kwenda kwao. Barua ya kuahirisha masomo hakuandika, maana hakuna aliyemwambia kuwa ipo, na kwenye kumbukumbu za chuo anasomeka mtoro.

Mkopo upo, ndiyo. Mwaka 2022 bumu lilipanda hadi shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Lakini aliyepewa asilimia ndogo ya ada huligeuza bumu kuwa ada, kisha anakula mara moja kwa siku na kodi ya geto inamngoja. Huyo akipata sapu tatu, mitihani ya kurudia, tutamwita mvivu?

Vyuo vya huku vinajua wazazi wa wanafunzi wao ni wakulima. Aliyelipa awamu ya kwanza afanye mtihani, matokeo yazuiwe hadi mavuno. Wapo watakaotoroka na deni, sikatai, lakini cheti kinabaki mikononi mwa chuo, na mwanafunzi anakuwa hajapoteza mwaka. Na asiyeonekana darasani wiki mbili, mshauri wake wa masomo ampigie simu. Yule wa sweta alikuwa na simu, na namba yake ilikuwa kwenye fomu ya usajili.