Kisu cha bei rahisi na kisu chenye jina: noa kwanza, ndipo ulinganishe

Visu vya kukunja hulinganishwa kwa njia isiyo ya haki. Mtu anafungua viwili vikiwa vipya, anakata karatasi, anatoa hukumu. Hapo chuma hakijapimwa. Kilichopimwa ni unoaji wa kiwandani. Kisu cha bei rahisi mara nyingi hunolewa harakaharaka kwenye mashine kavu: ukingo wa makali unapata moto na kulainika, na unabaki unywele wa chuma upande mmoja. Leo unywele huo unakata vizuri, kesho umekunjika na kisu ni butu. Lakini sehemu iliyoungua ni ndogo. Kisu hichohicho kikinolewa kwa mkono mara mbili tatu, huweza kudumu na makali kuliko kilipotoka dukani.

Basi noa vyote viwili kwa pembe moja. Bapa likiwa na upana wa mm 15, inua mgongo wa kisu mm 5 juu ya kinoo. Hiyo ni takriban nyuzi 20. Paka makali wino wa makapeni kwanza. Ukinoa na wino ukabaki ukingoni kabisa, mgongo umeulaza mno. Noa upande mmoja mpaka kidole kisikie unywele upande wa pili, geuza, kisha punguza nguvu ukibadilisha pande, na umalizie kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Sasa kata boksi, na kila baada ya mikato 10 jaribu gazeti. Kisu kinachoanza kuchana badala ya kukata ndicho kilichoshindwa.

Hapa kisu chenye jina huonyesha thamani yake, ila si kwa sababu wengi wanayodhani. Chuma cha Victorinox, kampuni maarufu ya visu ya Uswisi, si kigumu sana: bapa ni kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma, na springi zake kama 49. Unacholipia ni uhakika kwamba kila kimoja kimechomwa na kupozwa sawasawa. Neno “stainless” kwenye kisu cha bei rahisi linahusu kutu, halisemi lolote kuhusu ugumu. Katika boksi moja la visu hivyo unaweza kupata kimoja laini ambacho makali hukunjika, na kingine kikavu ambacho humeguka. Kupambanua ni rahisi: pitisha kwenye mkanda wa ngozi. Makali yakirudi, yalikuwa yamekunjika. Yasiporudi, na chini ya taa ukaona vimeremeto kama chembe za mchanga, yamemeguka.

Tatizo la visu rahisi ambalo kinoo hakiliondoi upesi ni unene nyuma ya makali. Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa chenye bapa jembamba la sm 8.5, hukata nyanya hata makali yakipungua. Bapa nene huiponda. Kulipunguza unene ni kazi ndefu ya msasa namba 220, bapa likiwa limelazwa karibu kabisa.

Kwa kazi ya kukata kamba na mifuko ya saruji, kisu rahisi kinatosha, tena hukionei uchungu kikipotea. Kwa matunda na kazi ya kila siku, chenye jina ni bora, mradi si bandia, maana mipini myekundu yenye msalaba ya Victorinox huigwa sana. Ukiwa dukani tazama makali dhidi ya mwanga: panapometa pamebutuka. Kisha tikisa bapa likiwa wazi. Likicheza kwenye pini yake, liache hata kama linanyoa.