Dostoevsky na Nafsi Iliyogawanyika
Katika riwaya fupi aliyoichapisha mwaka 1846, mwandishi wa Kirusi Dostoevsky anamsawiri Golyadkin, karani wa serikali mjini Saint Petersburg, ambaye usiku mmoja wa mvua na theluji anakutana na mtu aliyefanana naye kwa sura, mavazi na hata jina. Kesho yake mtu huyo yumo ofisini, na taratibu anajipatia upendeleo wote wa wakubwa ambao Golyadkin aliutamani, hadi Golyadkin halisi anachukuliwa na daktari kupelekwa hospitali ya wendawazimu.

Nadharia ya saikochanganuzi, inayosema kwamba mtu huyasukumia ndani ya nafsi yake yale anayokataa kuyakiri, inatufaa sana hapa. Golyadkin anamwapia daktari wake kwamba yeye si mtu wa hila na kwamba barakoa huivaa kwenye dansi tu. Kisha pacha wake, yaani yule mtu aliyefanana naye, anazifanya hila zote anazozikana. Hata hivyo, ofisini hakuna anayeshtushwa na ujio wa pacha huyo, na jambo hilo halielezwi na maradhi ya mtu mmoja. Urusi ya wakati ule iliwapanga watumishi wake katika madaraja 14, Golyadkin akiwa wa daraja la 9, na palipo na cheo tu, mtu yeyote anaweza kukikalia.

Tatizo kubwa linaanza pale wanasaikolojia wanapomgeukia mwandishi. Otto Rank, mwaka 1914, aliwahesabu waandishi wa hadithi za pacha kuwa watu wenye maradhi ya nafsi. Freud naye, mwanzilishi wa saikochanganuzi, mwaka 1928 akakihusisha kifafa cha Dostoevsky na hatia ya kutamani kifo cha baba yake. Lakini mwanawe Dostoevsky, Alexei, alikufa kwa kifafa mwaka 1878 kabla ya kutimiza miaka 3, na kifo cha mtoto huyo kinaelekeza kwenye urithi wa damu zaidi kuliko kwenye hatia.

Hata hivyo, siwezi kuwapuuza wanasaikolojia hao kabisa, kwa sababu Dostoevsky mwenyewe, akimjibu mwaka 1880 mchoraji mmoja wa kike aliyelalamikia nafsi yake kugawanyika, alikiri kwamba hali hiyo amekuwa nayo maisha yake yote. Aliiita mateso makubwa na pia furaha kubwa, akaihesabu kuwa dalili ya utambuzi wenye nguvu na haja ya mtu kujihoji. Kwa hiyo waliomwona amegawanyika hawakukosea. Walikosea kudhani kwamba mgawanyiko huo lazima uwe ugonjwa, ilhali Golyadkin anaangamia kwa kukataa kujihoji hata mara moja.