Kabla ya bomu, sikiliza gitaa la besi

Hapa kwetu ukisema sabufa, mtu anaona seti nzima: boksi kubwa lenye taa zinazocheza na mdundo, vispika viwili au vitatu pembeni, rimoti, redio na tundu la flashi. Nimeishi na moja ya namna hiyo miaka kadhaa na nilijiona mwenye muziki. Ninayotaka kuizungumzia leo ni nyingine. Ni boksi moja jeusi, kimya, lenye amplifaya yake ndani, lisiloimba wala kusoma taarifa ya habari. Linashika besi tu, zilizobaki wanazimaliza wenzake, yaani spika zako za kawaida.

Yangu ni ya mtumba, koni ya inchi 10, nimeitoa Kariakoo. Kabla hata ya kuuliza bei niliigeuza mgongo nisome kibandiko. Mitumba mingi iliyotumika Japani imetengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka hivihivi kwenye soketi zetu za 230, umenunua moshi. Na ukiwa hapohapo mgongoni, soma wati. Katoni ya sabufa yangu ya zamani iliandikwa wati 8,000 kwa herufi za dhahabu, pembeni yake PMPO, yaani wati za kujisifia tu. Kibandiko cha nyuma kikasema inakula wati 60. Sasa hizo 7,940 zinatoka wapi, kwa mganga? Hata wati za kweli zisikuchanganye sana. Ukitoka 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaiona kwa taabu. Ili usikie sauti kama imekua maradufu unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinadai wati mara kumi.

Dukani hakuna cha kujaribu. Wanakuwekea singeli, volyumu juu, fremu imejaa maboksi na mlango uko wazi kwenye kelele za mtaa. Chochote kitakachodunda pale utakisifu.

Nami nyumbani nilianza vibaya, nikaanza na sinema. Siku mbili nzima nilikuwa nalipua magari na kuangusha maghorofa, huku nikiwaambia wanangu wasikie wenyewe. Tatizo la bomu ni kwamba hulijui linatakiwa liweje. Likisema buum, unaridhika. Jumapili nikaweka rumba ya zamani ya Kongo, ile ambayo gitaa la besi linatembea juu na chini bila haraka, na hapo ndipo aibu ilipotoka. Noti tatu zinapita vizuri, ya nne inaruka kama mtu kapiga meza, halafu inakokota na kuifunika inayofuata. Nikailaani sabufa.

Kumbe kosa lilikuwa la sebule. Uzi mnene wa gitaa la besi la kawaida ukipigwa mtupu unatoa mitetemo 41 kwa sekunde, hezi 41. Sebule yangu ina upana wa mita 4, na chumba cha upana huo kina mvumo wake wa asili karibu na hezi 43, kwa sababu nusu ya wimbi la sauti hiyo inaenea sawasawa kati ya kuta mbili. Mimi nilikuwa nimeiweka sabufa kwenye kona, mahali inapokuza kila mvumo, na kochi nimelibana ukutani, mahali mvumo huo unaposikika mkubwa kuliko kote. Nikahamisha kiti hadi katikati ya upana huo, noti ileile ikapotea kabisa. Boksi lilelile, wimbo uleule, hatua tatu tu.

Dawa yake inachekesha lakini inafanya kazi. Beba sabufa uiweke pale unapokaa, rudiarudia kipande kimoja cha besi, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta utafute sehemu ambayo noti zote zinalingana. Mke wangu alirudi sokoni akanikuta nimepiga magoti kando ya kabati la vyombo, sikio limeinama kwenye zulia. "Baba watoto, umepoteza nini?" Nilikuwa nimepata. Kando ya meza ya tivii, zaidi kidogo ya mita moja kutoka kona.

Waya haukufika, nikaunga mrefu, ukaleta mvumo wa umeme usiokoma. Nilihangaika nao jioni nzima mpaka nilipochomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi na kimya kikarudi. Nilipochomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo haukuonekana tena.

Vitasa vya nyuma havina uchawi. Krosova, yaani kikomo cha juu cha sauti inayoachiwa sabufa, nimeiacha kwenye hezi 80, kwa kuwa chini ya hapo sikio halijui vizuri besi inatokea upande gani. Nilipoipandisha hadi 120, msomaji wa habari mwenye sauti nzito akaanza kusomea sakafuni. Swichi ya fezi, inayogeuza mwendo wa koni uende sawa na spika nyingine au kinyume chake, ina pande mbili. Nikachagua ule ambao besi ilijaa zaidi nikiwa kwenye kochi. Volyumu niliipunguza, kesho yake nikaipunguza tena. Sasa nikiizima nagundua wimbo umekonda. Ikiwa imewaka, siikumbuki. Kwangu hiyo ndiyo alama yake ya juu.

Kwenye sinema bado ina mpaka. Boksi lake lina tundu la hewa, na sauti ikishuka mno koni inahangaika na tundu linapumua pfu, pfu. Nimelikubali hilo kwa bei niliyolipa. Glasi za kabatini nimezitenganisha kwa vipande vya kadibodi. Vioo vya dirisha la alumini bado vinanisumbua.

Ila kama unapanga chumba, ukuta mmoja na mwenzako, kusema kweli nunua spika mbili nzuri uachane na sabufa. Ukuta wa tofali unazuia maneno, besi unaipitisha. Jirani yangu alinisalimia asubuhi moja, kwa heshima zote, akaniambia hakusikia neno hata moja la ile sinema ya jana, ila ilipoisha alijua.