Pesa ya nyumba iliyouzwa iwekewe tarehe

Kwenye taarifa za fedha za baadhi ya halmashauri za huku England kuna kitu kinachonifurahisha kuliko maghorofa yote ya London: kiasi kilichobaki cha pesa za nyumba zilizouzwa kwa wapangaji, na muda wa mwisho wa kukitumia. Mpangaji yeyote anaweza kusoma. Kwetu Tanzania nyumba za serikali zilianza kuuzwa kwa watumishi wake 2002. Nionesheni hesabu kama hiyo.

Najua mtaniambia nimekula mkate wa Wazungu, sasa nawaona nyumbani washamba. Hapana. Huku matokeo ni mabaya. Tangu sheria ya 1980 ya waziri mkuu Margaret Thatcher, iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba hizo kwa punguzo, nyumba za halmashauri zipatazo milioni 2 zimeuzwa, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Ila unaweza kukaa na kalamu ukaona palipokwama.

Mwaka 2012 serikali iliahidi kila nyumba ya ziada itakayouzwa, yaani juu ya zile ambazo zingeuzwa hata bila punguzo jipya, ipate mbadala, wakati huohuo ikapandisha punguzo la mpangaji hadi pauni 75,000. Chukua nyumba ya pauni 180,000. Punguzo likitolewa lote, inabaki 105,000. Toa gharama za mauzo, deni la nyumba yenyewe na fungu la Hazina. Kilichobaki kilipaswa kutumika ndani ya miaka 3, tena kisizidi asilimia 30 ya gharama ya nyumba mpya. Ikigharimu 220,000, pesa ya mauzo inalipia 66,000 tu. Hizo 154,000 nyingine halmashauri izitafute yenyewe, na hadi 2018 mikopo yake ya nyumba ilikuwa na ukomo. Kiwanja, kibali, zabuni, mkandarasi: miaka 3 inakwisha msingi haujamwagwa. Aliyechelewa alirudisha pesa Hazina pamoja na riba ya asilimia 4 juu ya ile ya benki kuu. Ndiyo maana baadhi ya halmashauri zilinunua nyumba zilizokwishajengwa, nyingine zikiwa zilezile ambazo halmashauri hizo ziliwahi kuziuza kwa bei ya chini.

Walirekebisha. Mwaka 2021 muda ukawa miaka 5 na kiwango asilimia 40. Novemba 2024 punguzo likashushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000 kulingana na eneo. Scotland ilikwishafuta mauzo haya 2016, Wales 2019. Wangerekebisha nini kama hesabu zisingekuwapo?

Mtasema Uingereza ni tajiri. Kufungua akaunti ya peke yake, kuandika tarehe na kumtaja wa kuwajibika kunahitaji utajiri gani? Wahandisi tunao, wahasibu tunao, Shirika la Nyumba la Taifa tunalo tangu 1962. Inaniuma kwa sababu tunaweza.

Na anayesema watumishi walistahili kununua, sibishani naye. Walilitumikia taifa. Ila mwalimu anayepangiwa kituo leo naye ni mtumishi, na anahangaika na madalali. Halafu kuna ardhi. Huku, kwenye nyumba za ghorofani, mpangaji huuziwa haki ya kukaa, kwa kawaida miaka 125, na ardhi hubaki ya halmashauri. Sisi nyumba ya Oysterbay ilikwenda na kiwanja chake, mahali ambapo lingesimama jengo la familia nyingi. Bei ya kiwanja kile iliingia akaunti gani, na ilijenga nini?