"Sori" haiwezi kukaa mahali pa "pole"

Nimeishi Birmingham miaka 11, na neno la Kiingereza linalonitatiza hadi leo si gumu hata kidogo: ni "sorry", ambalo kwetu Tanga tumezoea kulitamka "sori". Mwingereza akikugusa bega ndani ya basi husema sori; akitaka umpishe, sori; asiposikia ulichosema, sori, ila hapo hupandisha sauti kidogo; akikunyima kazi uliyoomba, sori hiyo huipata kwa barua. Mambo ambayo sisi tumeyagawia samahani, naomba kupita, unasemaje, niwie radhi na pole, yeye humtwika mpagazi mmoja.

Mwezi wangu wa kwanza kazini, mama mmoja tuliyekuwa tukifunga naye mizigo aliteleza akaanguka. Nilikimbia kumwinua huku nikimwambia sori, sori, naye akanijibu kwa mshangao kwamba si mimi niliyemwangusha. Mimi nilikuwa nikimpa pole, yeye alisikia mtu anayekiri kosa. Jambo hili limefika hata kwenye sheria, kwani Sheria ya Fidia ya Uingereza ya mwaka 2006 inaeleza wazi kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukubali uzembe.

Pole yetu haimtafuti mkosaji. Hupewa mgonjwa, mfiwa, msafiri aliyefika usiku, hata mtu aliyeshinda juani akilima shamba lake mwenyewe, na anayepewa hujibu "asante" au "nimeshapoa", maana pole na kupoa ni ndugu. Inanisikitisha zaidi kujua kwamba "sorry" nalo limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kuumia. Kwa asili yake lilikuwa jirani wa pole, lakini kwa matumizi ya kila siku limehamia upande wa samahani.

Mama yangu alipofariki, wenzangu wa kazini walinijia mmoja mmoja, wakaniambia sori kwa sauti ya chini. Sina shaka kwamba walinihurumia kwa dhati, lakini nilibaki nimesimama bila kujua niwajibu nini. Jioni nilipopiga simu nyumbani, nilizisikia sauti za majirani waliojaa jamvini, kila aingiaye akisema poleni, na dada yangu akiwaitikia wote, "Tumeshapoa."